Rangi ya Ufizi

Kazi ilimjia Kuluthumu asubuhi ya Alhamisi, amebeba ndoo ya maji kichwani, na nusura aimwage yote kwa furaha. Aliyemletea ni Mahmudi, mfanyabiashara wa Kismayo aliyeleta mashua yake ya buluu Ras Kamboni kuvusha watu kwenda Kiunga, upande wa Kenya. Safari mbili alikwisha kwenda. Sasa askari wa mpakani walikuwa wamemwambia wazi kwamba chombo kisicho na jina hakitashusha hata kuku, na kijiji kizima hakuna mtu ajuaye kuandika kwa brashi. Akazunguka, akauliza, mpaka akaambiwa kuna msichana amehamia kwa Bi Maimuna, babake ni Fundi Nassor, mpaka rangi wa vyombo.

"Utaweza?" Mahmudi aliuliza, akimtazama juu mpaka chini.

"Ami, mimi nimelelewa ndani ya kopo la rangi," Kuluthumu akajibu.

Jamani, msichana huyu na mdomo wake! Kweli alimshikia babake makopo tangu ana miaka sita, kuchanganya rangi alijua, na herufi zake zilikuwa nzuri. Lakini kuandika jina kwenye chombo cha mtu, peke yake, hajawahi hata siku moja. Mahmudi hakuyajua hayo. Akampa kopo la rangi nyeupe na kopo la nyekundu, akamwambia malipo ni nafasi mbili kwenye mashua, yake na ya mamake, kesho Ijumaa asubuhi maji yakijaa. Kuluthumu alikubali kabla mwenzake hajamaliza kusema.

Nafasi mbili! Hapo ndipo penye kisa chenyewe, basi tusikirukie. Huu ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Mwaka na nusu nyuma, siku ile wenye bunduki walipoingia mtaani kwao Kismayo, Fundi Nassor aliwapandisha mkewe na bintiye kwenye chombo cha jirani, yeye akabaki, kwa sababu mashua yake mwenyewe ilikuwa imekaa mchangani, maji yametoka. "Maji yakijaa tu nawafuata," alisema. Hakuwafuata. Mama na binti wakakaa kisiwani Kudha kwa shangazi mwaka mzima na zaidi, kila chombo kikitia nanga wanauliza, na kila mtu anatikisa kichwa. Huko nako wakaporwa, ndipo majuma mawili yaliyopita wakahamia Ras Kamboni kwa Bi Maimuna, shoga wa mama tangu usichana.

Na wiki hii, mtu aliyetoka Kismayo akasema amesikia kwamba fundi mmoja wa rangi aliuawa ufuoni siku ile ile ya kwanza. Amesikia, hakuona. Lakini Mwanaharusi, mamake Kuluthumu, alikuwa amechoka kungoja. Akasema kesho Ijumaa, baada ya sala, ataingia eda. Nguo za eda alikwisha kuziazima. Miezi minne na siku kumi, ndani, hatoki wala hasafiri, na huku wenye bunduki wanateremka pwani kijiji baada ya kijiji.

"Dharura inaruhusu, Mwanaharusi," Bi Maimuna alijaribu. "Vuka kwanza, eda utakalia huko."

"Mume wangu sikumwosha, sikumzika, hata kaburi lake silijui," mama alijibu. "Na eda nayo nimnyime?"

Bi Maimuna, ambaye hakosi neno, akamsogezea kikombe cha chai.

Kuluthumu alikuwa na shauri lake. Mashua itaondoka asubuhi, kabla ya sala ya Ijumaa. Kama nafasi zipo mkononi, atalia, atapiga magoti, atamburura mama kwa buibui lake mpaka majini, lakini watavuka. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Aliona kwamba mama akishaingia eda, baba atakuwa amekufa kweli, na yeye hakutaka babake afe.

Basi aliingia jikoni mbio, akautwaa mfuniko wa sufuria.

"Wali wangu!" Mwanaharusi akapiga kelele.

"Funika na sahani, mama. Nimepata kazi!"

Mfuniko huo haukuwa mfuniko. Ulikuwa ubao wa kuchanganyia rangi wa Fundi Nassor, ubao mwembamba wenye tundu la kuingiza kidole gumba, aliopewa ujanani mwake na Mtaliana mmoja aliyekuwa akichora picha za bandari ya Kismayo. Siku ya kukimbia, Mwanaharusi alinyoosha mkono kwenye rafu ya juu ambapo msahafu wa nyumba huwekwa umefungwa kanga, akavuta kilichofungwa kanga, akapanda nacho chomboni amekikumbatia kifuani. Baharini akafungua ili asome. Lo! Ni ubao wa mumewe, ambao mwenyewe aliufunga ili rangi isiingie vumbi. Tangu siku hiyo Mwanaharusi hakuusamehe ubao ule. Msahafu umebaki nyuma, uchafu wa Nassor ndio uliookolewa! Akaufanya mfuniko, ukapigwa na moshi na mvuke mwaka na nusu, rangi ya zamani ikakauka juu yake mpaka ikawa ngumu kuliko mbao zenyewe.

Kuluthumu akaketi uani, ubao magotini. Hakuweza kuchanganyia rangi mpya juu ya takataka ile. Alianza na kisu, kikateleza. Akamwaga mchanga, akasugua, wapi! Akamwomba Bi Maimuna mafuta ya taa, akapewa kiasi cha kulowesha kitambaa, pamoja na maneno mengi kuhusu bei ya mafuta ya taa. Ndipo akakumbuka babake alivyokuwa akifanya. Akaupitisha ubao juu ya makaa, mbali kidogo, akihesabu mpaka kumi, kisha akakwangua haraka kwa ganda la chaza lenye makali, rangi ingali na joto.

Ikakubali! Ilitoka vipande vipande, inajikunja. Kuluthumu alicheka peke yake. Moshi wa jikoni ulitoka, chini yake ikaonekana buluu ya mbingu ambayo babake alichorea picha ya ukutani kwenye mkahawa, na kahawia ya ngamia wa duka la maziwa, na weusi wa nywele za yule mwanamke wa duka la mafuta ya nazi ambaye mama alikuwa akimwonea wivu ingawa ni picha. Kila rangi aliijua. Alikwangua huku akizungumza nazo, jasho linamtoka, mpaka Bi Maimuna akachungulia kuona ana mgeni gani.

Ikabaki kona moja, karibu na tundu la kidole. Hapo akasita.

Fundi Nassor alikuwa na desturi yake. Ubao mzima aliusafisha kila siku, ila kona ile hakuigusa kamwe. Kila Siku ya Mwaka, mwaka mpya wa watu wa pwani, mashua yake ikipandishwa kupakwa rangi mpya ya tezi, kule nyuma, tone la kwanza aliliweka kwenye kona ile. "Naionja," alikuwa akisema. Akiipenda, anaipaka chombo. Tone la mwaka huu juu ya tone la mwaka jana, mpaka kona ikavimba. Watoto wote wa mtaani walijua kwamba ukiigusa kona ile, Fundi Nassor atakasirika, na akikasirika ulimi wake hufunga, anabaki "wa-wa-wa" huku amekushika sikio.

"Nisamehe, baba," Kuluthumu alisema, akaisogeza ile kona kwenye makaa, akaanza kuchokoa pembeni tu. Ganda likateleza. Kona nzima ikabanduka kwa pamoja, ikaruka, ikaangukia mchangani.

Alitaka kulia. Akaokota kile kipande, kimekauka kama kaki, nene. Akakipuliza vumbi, akakigeuza ubavu wake juani, na pale pale machozi yakasahaulika. Miaka yote ilikuwa pale! Juu kabisa kijani, ya mwaka wa kukimbia. Chini yake nyeupe. Chini ya nyeupe, mstari mwembamba wa rangi ya ufizi. Kisha njano, kisha nyekundu.

Rangi ya ufizi! Kuluthumu akaangua kicheko. Mwaka ule rangi ziliadimika, babake akachanganya nyekundu iliyobaki na nyeupe, ikawa hafifu, akaenda jikoni kwa siri akachukua manjano ya mkewe ya mchuzi, akatia. Akapaka mashua, akamwita mkewe aje kuona. Mwanaharusi akatazama. "Nassor," akasema, "umenipakia chombo rangi ya ufizi wa mtoto." Hakumpikia mchuzi siku tatu. Siku ya nne Fundi Nassor akaomba nyeupe kwa jirani, akaifunika aibu ile. Tangu hapo, kila akitaka kumchokoza mkewe, humwuliza kama manjano yapo. Hata sasa, ukitazama vizuri kwenye ule mstari, utaziona chembe za manjano.

Kuluthumu akakifunga kile kipande kwenye pindo la kanga yake. Akachukua ubao uliosafika, makopo na ganda lake, akashuka pwani.

Mashua ya Mahmudi ilikuwa imelazwa ufuoni, tezi imeelekea kijijini. Mwenyewe alikuwa kivulini mwa chombo chake, anafunga kamba.

"Jina andika Tawakali," alisema. "Herufi kubwa, zionekane."

"Kwanza nikwangue mahali pa kuandikia, ami. Buluu yako hii inabanduka, aliyepaka hakusugua chini."

"Nilipaka mwenyewe," Mahmudi alisema, akaudhika kidogo.

Kuluthumu akaweka ganda, akakwangua. Buluu ilitoka bila ubishi. Chini yake ikatokea rangi, akaipangusa kwa kidole, akasimama.

Ufizi.

Akajiambia, we Kuluthumu, tulia, dunia ina rangi nyingi. Akakwangua chini zaidi. Kijani. Akakwangua. Nyeupe. Akakwangua, sasa kwa nguvu, vumbi la rangi linamwingia machoni. Ufizi tena! Njano. Nyekundu. Kisha mbao.

Alifungua pindo, akatoa kile kipande, akakiweka ubavu kwa ubavu na pale alipokwangua. Kijani kwa kijani. Nyeupe kwa nyeupe. Mpaka chini. Aliinua macho akaitazama mashua kana kwamba ndiyo kwanza inaingia bandarini. Mlingoti ulikuwa mpya, mbavu zilikuwa zimeongezwa mbao, ndiyo maana hakuitambua. Lakini ilikuwa yenyewe. Mashua ya babake!

Na wazo la kwanza lilikuwa baya, tusimfiche. Alidhani wenye bunduki walimuua wakaichukua. Kisha akatazama tena, akahesabu tena kwa kidole. Kwenye ubao wa baba, rangi ya mwisho ni kijani. Kwenye mashua, juu ya kijani kuna mkono mmoja zaidi. Kuna ufizi. Akausogelea uso wake karibu na mbao mpaka pua ikagusa. Chembe za manjano zilikuwepo.

Nani mwingine chini ya jua angetia manjano ya mchuzi kwenye rangi ya chombo? Nani? Na siku ya kukimbia waliiacha mashua ikiwa kijani! Basi aliyeipaka hii aliipaka baadaye, na ni mtu mmoja tu.

"Ami Mahmudi!" alipiga ukelele hata kunguru wakaruka. "Hii mashua uliipata wapi?"

Mahmudi akainuka, uso umekunjamana. Siku zile swali kama hilo lilikuwa la kuogopesha. "Nimenunua kwa halali, binti. Kiunga, kwa dalali, yapata miezi miwili sasa. Mashahidi ninao."

"Sikudai chombo! Nani alikuwa mwenyewe?"

"Mzee mmoja. Dalali alinipa sharti lake, ati rangi ya tezi isifutwe, nitembee nayo bandari zote." Mahmudi akatema mate. "Rangi yenyewe ungeiona, laana tupu. Nikajua huu ni uganga, mzee amefunga kitu humo. Mimi na uganga wapi na wapi? Siku ile ile nikanunua buluu."

"Na mzee akasemaje?"

"Wacha! Safari hii iliyopita, siku kumi leo, kanikuta gatini. Kaona buluu. Kanivaa mbele za watu, kanishika sikio, mimi mtu mzima na ndevu zangu! Anataka kusema, ulimi haumwendi, 'u-u-ume...' mpaka watu wakamwondoa. Nikasema maskini, vita vimemwathiri akili."

Kuluthumu alikaa mchangani kwa kishindo. Alicheka, akalia, akacheka tena, huku akipiga ubavu wa mashua kwa kiganja. Mahmudi akaanza kuamini kwamba uganga upo kweli, na umemshika huyu.

"Ni babangu," alisema alipopata pumzi. "Hana wazimu. Alituandikia barua, ami, nawe ukaipaka buluu!"

Hakungoja jibu. Akabandua kipande cha rangi ya tezi, akakishika mkono mmoja, kile cha ubao mkono wa pili, akapanda kijijini mbio, kanga imemwanguka mabegani, wazee msikitini wanauliza moto uko wapi.

Mwanaharusi alikuwa amekaa mkekani na Bi Maimuna, anazikunja zile nguo za eda. Kuluthumu akaanguka mbele yake.

"Mama, tazama. Hiki cha ubao wa baba. Hiki cha mashua ya Mahmudi."

"Kuluthumu, leo si siku ya..."

"Tazama, mama, nakuomba!"

Mwanaharusi akavipokea. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala siku nyingi, lakini alikuwa mke wa mpaka rangi miaka ishirini. Akageuza ubavu. Akafuata mistari kwa ukucha, kimoja, kisha cha pili. Ukucha ukafika juu kwenye kipande cha mashua, ukakwama.

"Hii ni nini juu ya kijani?" aliuliza polepole.

"Wewe ndiye uliyeipa jina, mama."

Mwanaharusi akachokoa chembe moja kwa ukucha. Akaisaga kwa vidole. Akainusa, ingawa baada ya chumvi yote ile hakuna mtu angenusa kitu, akaiweka kwenye ncha ya ulimi. Kuluthumu akamweleza yote kwa pumzi moja, dalali, sharti, gati, sikio, u-u-ume, siku kumi tu zilizopita, yu hai, mama, yuko Kiunga, yu hai.

Bi Maimuna alipiga kigelegele, akaanza kulia. Mwanaharusi hakulia. Aliinuka, zile nguo zikamporomoka miguuni, akashika kiuno.

"Manjano ya nani?" alisema.

"Mama?"

"Nauliza, manjano ya nani? Ya kwangu nimeyaacha Kismayo. Mtu huyu kaingia jiko la mwanamke gani huko Kiunga akapewa manjano?"

"Mwanaharusi!" Bi Maimuna akashangaa katikati ya machozi. "Umepewa mume kutoka kaburini, unauliza manjano?"

"Namwuliza mume wangu. Aliye hai huulizwa." Na hapo akaketi chini, akalia kilio ambacho alikuwa amekizuia mwaka na nusu, Kuluthumu amemshika upande mmoja na Bi Maimuna upande wa pili, watatu wote juu ya nguo za eda.

Baadaye kidogo Mahmudi alifika, amesimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono. Alisema nafasi zile mbili si malipo tena, watavuka bure, na jambo la chombo ataliongea na mzee mwenyewe uso kwa uso, masikio yake akiwa ameyafunika. Alitaka kujua jambo moja tu. Jina litaandikwa kwa rangi gani?

Kuluthumu alikwisha kuushika ubao, kidole gumba ndani ya tundu la babake, likimpwaya kidogo. Juu yake alikuwa ameweka nyeupe na nyekundu, anachanganya. Rangi ikawa hafifu, haijafika. Akamtazama mamake.

Mahmudi aliuona ule mchanganyiko. "La, binti," alisema. "Hiyo sitaki. Nitachekwa kutoka hapa mpaka Lamu."

Mwanaharusi hakumsikia. Alifuta uso kwa mtandio, akaingia jikoni kwa Bi Maimuna, vikasikika vikopo vinafunguliwa na kufungwa. Akatoka na kimoja mkononi. Akapiga magoti kando ya bintiye, akachota kijiko akamwagia ubaoni, akatazama, hakuridhika, akachota cha pili.

"Tia yote," alisema. "Jina na tezi nzima. Nataka aione tungali mbali."